Kata Isiyoonjwa

Mwalimu mwenzangu alinirudishia kitabu akiwa amesoma theluthi yake tu. Alikiweka mezani kama mtu anayerudisha jembe lililovunjika mpini.

"Dada, hiki kitabu kimelala," akasema. "Nimefika ukurasa wa themanini, bado wanakunywa chai."

"Chai ya nani?"

"Ya nani vipi? Chai tu. Yule mwanamke anaileta, wifi yake anainywa."

"Anainywa yote?"

Akafikiri kidogo. "Mara ya kwanza aliimaliza. Mara ya pili aliacha nusu."

"Kumbe umesoma vizuri. Na mara ya tatu?"

Alikivuta kitabu upande wake, akapekua, akasimama palepale akisoma mpaka kengele ya shule yetu ya wasichana ikalia. Alipoondoka aliondoka nacho.

Ni kitabu cha Kiingereza, kimoja kati ya vile vilivyoachwa na nesi wa misheni alipokwenda kwao. Kinamhusu mwanamke anayeishi na mumewe na wifi yake mgonjwa katika nyumba iliyo karibu na reli. Kwa muda mrefu hakuna anayepiga kelele wala kuua. Mwanamke anapika, anafua, anapeleka chai. Wifi anaanza kuacha chai nusu. Baadaye kopo la sukari linatiwa kufuli ndogo. Hakuna anayesema kwa nini, na mwanamke mwenyewe hathubutu kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kama kukiri kwamba ameiona kufuli ile, na mtu asiye na jambo angeionaje?

Wenzangu wengi huniuliza raha ya vitabu vya namna hii iko wapi. Wao wanapenda hadithi za sungura mjanja, au za askari na wezi, ambazo mtu anajua mapema nani wa kuogopwa. Nami siwalaumu. Kitabu cha taratibu kinamwomba msomaji kazi ngumu: akae na watu wasiosema wanachokifikiri, na aangalie mikono yao. Mwanzoni inachosha. Lakini jipe moyo, endelea. Utafika mahali ambapo kikombe kikiwekwa tu mezani, utakuta umeacha kupumua. Hapo utajua kwamba mwandishi hakuwa amelala. Alikuwa akikufundisha kuona.

Mimi sikufundishwa na kitabu. Nilifundishwa nyumbani kwetu, Mbozi, nikiwa msichana, wakati wa vita kuu ya pili. Nitaeleza polepole ili asiyetoka kwetu asipotee.

Baba yangu alikuwa migodini, upande wa Rodesia, kama wanaume wengi wa nchi yetu. Walikwenda kwa miguu au kwa lori mpaka Tunduma, wakavuka, na huko wakachimba shaba. Habari zao zilirudi midomoni mwa wasafiri: fulani mzima, fulani amevunjika mguu, fulani ameoa Mbemba wa huko. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameacha kubebwa mgongoni. Mkuu wa boma letu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Babu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo ni baba mkubwa aliyetoa ng'ombe wa mahari mama yangu alipoolewa. Bibi, mama yao, aliishi nyumba ya katikati na aliona kila mlango.

Mama hakuwa mtu wa hapo. Alikuwa Mndali, kwao Ibaba, kule milimani ambako ukungu huingia ndani kama mtu wa nyumbani. Kinyiha, lugha yetu, alikisema, lakini wanawake wenzake walimcheka alivyokipandisha na kukishusha. Akiwa mgeni namna hiyo, alijua kitu kimoja kama wake wote wa kuolewa mbali: ng'ombe walikwisha kulipwa, watoto ni wa boma. Kama angerudishwa kwao, angerudi peke yake. Alituambia hivyo waziwazi, bila kulia, kama mtu anavyowaambia watoto mahali ambapo mto una kina.

Sasa nieleze desturi. Kwetu, mtu akikupa pombe haikufikii mkononi hivihivi. Anayeileta hupiga goti, huonja kidogo mbele yako, hufuta ukingo wa kata ya kibuyu kwa kiganja, ndipo hukupa. Kuonja huko si ulafi. Ni kusema, bila maneno, kwamba kilichomo ndani, kama ni kibaya, kimeanza na mimi. Mtoto hujifunza jambo hili kabla hajajua kuhesabu. Hakuna anayelitaja, kama vile hakuna anayetaja kwamba mlango una kizingiti.

Na mama alikuwa amebatizwa. Alibatizwa Pasaka, mtoni, akiwa na kitambaa cheupe kichwani, na akaahidi mbele ya watu kwamba pombe haitagusa midomo yake tena. Kanisa lilikataza kunywa na likakataza kupika. Kubeba halikukutaja. Hakuna mwanafunzi wa ubatizo aliyeuliza, wala mwalimu hakufikiri kusema. Kwa hiyo mama aliacha kupika pombe, bibi akaipika mwenyewe kwa mikono yake, lakini kumpelekea shemeji yake kata ilibaki kazi ya mama, maana kati ya wake wa boma ndiye aliyeolewa mwisho.

Siku hiyo majirani walikuwa wamekuja kumsaidia baba mkubwa kulima shamba jipya la kahawa. Jua lilikuwa limeinama, wanaume wamekaa uani wakikwangua udongo miguuni. Bibi alichota pombe ya ulezi mtungini, akampa mama. Nilikuwa nimekaa karibu, nikimenya maboga. Mama alipita katikati ya wanaume, akapiga goti mbele ya baba mkubwa, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa.

Hakuonja.

Ninavyoamini mimi, hakukusudia neno. Aliwaza ahadi yake. Aliona kwamba amefanya vema, amepita katikati ya majaribu na hakuanguka. Sura yake iling'aa kwa furaha, kama siku ile ya mtoni. Baba mkubwa aliishika kata. Akaitazama. Mmoja wa majirani, mtu wa mzaha, akasema, "Kunywa bwana, au unasubiri ipoe?" Wakacheka. Baba mkubwa naye akacheka, akanywa, akairudisha kata tupu. Basi. Kama ningekuwa nasoma kitabu, pengine ningeupita ukurasa huo haraka nikiulaumu kwamba hauna kitu.

Mvua zilianza. Baba mkubwa akaanza kulalamika tumbo. Kwanza alisema ni mihogo. Baadaye miguu ikavimba, akibonyeza kidole kwenye muundi wa mguu, shimo linabaki. Alikwenda kwa mganga wa mizizi, akarudi vilevile. Alikwenda zahanati ya misheni, akapewa dawa chungu, akarudi vilevile. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwenye sauti, na sasa alikaa kizingitini akiitazama miguu yake kama mali ya mtu mwingine.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dogo. Mama alimpelekea ugali na maharage, naye akasema, "Ahsante, shemeji, nimeshiba." Sahani ikarudi. Kesho yake akasema vilevile, kwa sauti ya upole. Hata alimsifu: "Harufu yake nzuri, lakini tumbo hili halitaki." Halafu nikaona jioni bibi akimpelekea chakula kutoka jiko lake, naye anakula.

Mtungi wetu wa maji ya kunywa, ambao siku zote ulikaa nje ya nyumba ya bibi kwa matumizi ya boma zima, ukahamishiwa ndani. Bibi akasema ni kwa sababu ya kuku. Kuku walikuwapo tangu nizaliwe.

Wake za majirani, waliokuwa wakipita kwa mama kuomba moto asubuhi, wakaanza kuomba kwingine. Hawakuacha kumsalimu. Walimsalimu vizuri kuliko zamani, kwa maneno marefu, wakiuliza habari za watoto, za mume, za kwao Ibaba. Hasa za kwao Ibaba. "Wazima huko? Hutaki kwenda kuwaona? Mbona siku nyingi?"

Hakuna aliyesema uchawi. Hakuna aliyesema sumu. Ni lazima nieleze sababu, kwa kuwa ndiyo iliyofanya mambo yatambae badala ya kukimbia. Zamani, wazee walisema, tuhuma kama hii ilimalizwa kwa siku moja: mtuhumiwa alinyweshwa mwavi, akitapika ni msafi, akianguka ndiye. Serikali ya Waingereza ilipiga marufuku mwavi, ikapiga marufuku hata kumwita mtu mchawi. Aliyetamka angeweza kupelekwa boma la serikali kwa bwana shauri. Ilikuwa sheria ya kuokoa watu, na iliokoa wengi. Lakini neno lililokatazwa mdomoni halikutoka vichwani. Lilihamia kwenye mitungi, kwenye sahani zinazorudi, kwenye salamu ndefu. Mama hakuweza kujitetea, maana hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Ilichukua muda kabla mama hajakumbuka ile kata. Nadhani ilimjia ghafla. Alikuwa akipepeta ulezi, akasimamisha ungo hewani. "Ee Mungu wangu," akasema. "Sikuonja."

Alikwenda saa ileile, na vumbi la pumba mikononi, nami nikamfuata. Alipiga goti mbele ya baba mkubwa.

"Shemeji, siku ile ya kulima, nilikuletea kata bila kuonja. Ni kwa sababu ya ubatizo. Nimeahidi pombe isiguse mdomo wangu. Sikuwa na neno lingine."

Baba mkubwa akasema, bila ukali, "Nani amekuuliza habari za siku ile?"

"Hakuna, shemeji."

"Basi mbona unazileta?"

Bibi akaongeza kutoka mlangoni, "Na ni dini gani hiyo, mwanangu, inayomkataza mtu kumwonyesha mwenzake kwamba hamtakii mauti?"

Neno mauti lilikuwa limetajwa kwa mara ya kwanza, na ingawa bibi ndiye aliyelitamka, aliyelileta uani, kwa macho ya wote, alikuwa mama.

Tangu siku hiyo alianza kuonja kila kitu. Ugali, mboga, togwa, hata maji. Alikuwa akipeleka chungu mlangoni kwa bibi, anamega tonge, anatafuna waziwazi mtu amwone, anameza, ndipo anakiweka chini. Nilidhani itasaidia. Lakini sikiliza jinsi mtego wa namna hii unavyofanya kazi, maana vitabu vile vinaujua vizuri sana: mtu anayetuhumiwa kimyakimya hana tendo lolote lililobaki kuwa tupu. Akikaa mbali, anakwepa. Akisogea, anatafuta nafasi. Mama alipoonja mara moja, walisema moyoni, mbona sasa. Alipoonja mara mbili, jirani mmoja akamwambia mwenzake kisimani, nami nasikia, "Mwenye mikono mitupu haionyeshionyeshi."

Siku moja tulikuwa watatu tu ndani, mama, mdogo wangu na mimi. Mama alipakua uji akampa mdogo wangu bakuli lake. Mtoto akalishika, akamtazama mama, akangoja. Mama akasema, "Kunywa, mama, utapoa." Mtoto akaendelea kungoja, macho kwenye midomo ya mama. Hakuwa na hofu. Alikuwa ameona tu kwamba ndivyo watu wa boma wanavyokula chakula cha mama: yeye kwanza. Mama akalichukua lile bakuli, akanywa funda, akalirudisha. Mtoto akanywa kwa furaha yote. Mama akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba penye kinyesi cha mbuzi, na sikumsikia akilia, ila alikaa huko mpaka moto ukazimika.

Kesho yake alivaa kitambaa chake cheupe tukaenda kwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, fundi wa kushona, mwenye cherehani barazani. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza, mguu wake ukiwa umetulia juu ya kanyagio.

"Ninaomba ruhusa," mama akasema. "Nionje pombe mara moja tu, mbele yao. Nisinywe. Nionje."

"Dada yangu, umeahidi."

"Najua nimeahidi. Wataniondoa, baba. Nina watoto wawili pale."

"Tone ni mtungi. Nikikupa wewe ruhusa ya tone, kesho nitamnyima nani?" Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha nguo aliyokuwa akishona. "Wamekwambia kwamba watakuondoa?"

"Hawajaniambia neno."

"Basi huenda ni mawazo yako. Shetani hupenda kumtisha mtu aliyebatizwa karibuni. Omba, dada. Nasi tutakuombea."

Alisema kwa huruma ya kweli. Sina shaka kwamba alimwombea. Tulipokuwa tukirudi mama aliniambia, "Hata yeye anadhani naota." Huu ndio ukatili wa mambo yanayokuja taratibu: kila hatua, ikisimuliwa peke yake, ni upuuzi. Mtungi umehamishwa. Sahani imerudi. Mtoto amengoja. Ukimweleza mtu wa nje, utaonekana wewe ndiye mgonjwa.

Mvua zilipokaribia kwisha, baba mkubwa akawa hawezi kusimama bila fimbo. Bibi akapika pombe. Hakukuwa na kazi wala sherehe. Aliwaita wazee watatu wa ukoo, wakakaa uani mchana, na sisi wote tukaitwa. Bibi akachota, akampa mama ile kata mbele ya watu. Sitaki msomaji amwone bibi kama mtu mbaya; alikuwa anampoteza mwanawe mkubwa, na ninaamini alitaka kwa moyo wote mambo yaishe vizuri.

"Mpe shemeji yako," akasema. "Onja, mwanangu. Onja tu, tumalize."

Mama aliishika kata kwa mikono miwili. Alitazama upande wa barabara ya misheni, kama mtu anayetazama kama kuna anayekuja. Kisha akatutazama sisi, mdogo wangu na mimi, tulipokuwa tumekaa na wake wengine. Akapiga goti. Akainua kata, akanywa. Hakuonja kidogo. Alikunywa funda kubwa, koo likapanda na kushuka, kila mtu akaona. Akafuta ukingo kwa kiganja, akamnyooshea baba mkubwa.

Nilihisi uwanja mzima umeshusha pumzi. Mzee mmoja akasema, "Haya, si hivyo tu?" Bibi akaanza kutabasamu.

Baba mkubwa hakuipokea. Aliitazama kata, kisha akamtazama mama, na sura yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sura ya mtu aliyechoka kufikiri.

"Leo umeonja," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Dini yako haikukuzuia."

Mama bado alikuwa ameinyoosha kata.

"Basi kama leo umeweza, siku ile ulishindwa nini?"

Nimesoma vitabu vingi vya taratibu tangu hapo, vingine vimeandikwa kwa ustadi wa kutisha, na sijakuta swali linalofunga mlango kama lile. Alichokitoa mama ili aonekane safi ndicho kilichomtia hatiani. Angekataa, wangesema anaogopa pombe ya leo. Alikubali, wakasema kwamba kumbe aliweza. Wazee wakatazama chini. Mmoja akaanza kukusanya vijiti mbele yake kwa fimbo, kimoja kimoja, kama ana kazi navyo.

Hawakumfukuza. Neno hilo pia halikutumika. Bibi alisema tu, siku iliyofuata, kwamba ingefaa mama akapumzike kwao kidogo, mpaka mume arudi. Shemeji yake mdogo, kijana wa ukoo, alimsindikiza mpaka njia inayoteremka kuelekea Ileje, upande wa kwao. Mdogo wangu alitaka kumfuata, akashikwa. Mama alimwambia, "Nakwenda kumwona bibi yako wa milimani." Mimi alinifunga tu upya kanga iliyokuwa inalegea kiunoni, akakaza fundo zaidi ya ilivyohitajika.

Kanisa nalo likasikia. Alitengwa na meza ya Bwana, kwa sababu ya lile funda.

Na sasa jambo ambalo ningependa nisiliandike. Baba mkubwa alipona. Baridi ilipoingia uvimbe ulipungua, sauti ikarudi, akatembea mpaka Mlowo kuuza kahawa yake. Sijui kwa nini. Pengine ni dawa chungu ya zahanati, pengine ni maji ya kunywa kuwekwa ndani, pengine ni mwili tu. Nimewauliza manesi, kila mmoja ananipa jibu lake. Pale bomani hakuna aliyehitaji kuuliza. Mama ameondoka, mgonjwa amepona. Hesabu imekubali.

Baba alirudi kutoka migodini msimu uliofuata, na baiskeli na mablanketi. Alikaa na kaka yake mchana kutwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wa kaka yake, na neno la mwisho pia. Aliniita, akanishika kichwa, akaniuliza, "Mama yako alikuwa anawalisha vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Najua." Baada ya mavuno akavuka tena Tunduma, na habari zake zikaanza kupungua midomoni mwa wasafiri.

Sasa turudi kwenye vitabu. Mtu anaweza kusema, wewe uliyeishi hayo, ungetaka kuyasoma ya nini? Nami naeleza hivi. Pale uani tulikuwa watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona yote. Mzee wa kanisa aliona ahadi. Bibi aliona miguu ya mwanawe. Majirani waliona mama anavyotafuna. Katika kitabu cha namna hii kuna mtu mmoja anayeona kila kikombe kuanzia cha kwanza, asiyeweza kumwambia yule mwanamke "ni mawazo yako", kwa sababu alikuwapo. Mtu huyo ni msomaji. Hawezi kumwokoa. Lakini amekaa naye chumbani muda wote, na hajatoka. Ndiyo maana ninakataa watu wanaposema waruke kurasa za mwanzo. Ukiziruka, unakuwa kama wale wazee watatu, walioitwa siku ya mwisho.

Likizo iliyopita nilikwenda Ibaba na kile kitabu. Mama sasa ana mvi, anaishi na kaka yake, analima viazi na maharage. Kindali changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo nilimsomea kwa kuchanganya, Kiswahili na Kindali, nikigeuza Kiingereza hapohapo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, ukungu umejaa mlangoni.

Nilidhani atachoka. Aliniambia, "Polepole. Usikimbie." Kila mara aliona kabla yangu. Chai ilipoachwa nusu alisema tu, "Mm." Nilipofika kwenye kufuli ya kopo la sukari, mikono yake ilisimama.

"Amekwisha huyo," akasema.

"Bado, mama. Kitabu bado kirefu."

"Kirefu cha nini? Sasa watamwangalia tu."

Tuliendelea siku mbili. Mwisho wake si wa kelele. Hakuna kinachothibitishwa. Wifi hafi wala haponi. Asubuhi moja mwanamke anafunga sanduku lake, anapita sebuleni, hakuna anayemzuia, anakwenda stesheni. Treni inaingia. Nikafunga kitabu, nikangoja mama aseme kama anadhani yule mwanamke alikuwa na hatia au hakuwa nayo, kwa kuwa hilo ndilo kila msomaji hubishana nalo, na mwalimu mwenzangu na mimi tulikuwa tumelibishania wiki nzima.

Mama akauliza, "Watoto aliwaacha na nani?"

"Hakuwa na watoto, mama."

"Kitabu kimesema hana?"

Nikafikiri. "Hakikusema."

"Basi huwezi kujua." Alisukuma ungo pembeni, akajifuta mikono. "Mtu hatembei vile kwenda stesheni kama hana watoto. Tafuta. Kuna mahali walitajwa, umepita."

Nilimwambia kwamba hawapo. Akasema tafuta. Kwa hiyo nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza upya, kwa sauti, na mama akasogeza kigoda chake karibu.